Mwaka Mmoja Katika Mji wa Nanjing

Jioni moja kabla sijaondoka Mabanga, mwanafunzi wa kidato cha pili alinifuata nje ya darasa akaniuliza swali. Alikuwa amesikia ya kwamba mwalimu wake anakwenda China kusoma mambo ya ualimu kwa muda wa mwaka mmoja. Akasema, “Mwalimu, huko unakokwenda, je, kuna chochote chetu?”

Sikuwa na jibu. Nilimwambia nitatazama, na nikirudi nitamwambia. Katika mji ule niliona mengi yaliyo mageni kwangu, lakini kila nilipoingia katika nyumba ya makumbusho, swali la mtoto yule lilinitangulia mlangoni. Insha hii ndiyo jibu langu.

Mji wenyewe ni Nanjing, nao u kando ya mto mkubwa uitwao Yangtze. Maana ya jina lake ni “mji mkuu wa kusini.” Mwaka 1368 mfalme wa kwanza wa ukoo wa Ming aliufanya kuwa makao yake makuu, na ukabaki hivyo mpaka mwaka 1421, makao yalipohamishiwa Beijing upande wa kaskazini. Kwa hiyo katika miaka ile ambayo merikebu za China zilianza kufika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki, merikebu hizo ziliundwa na kutayarishwa katika mji huu.

Nilifika mwezi wa Septemba, majira ya kupukutika kwa majani yalipokuwa yakikaribia. Sisi wa Bungoma tunazoea mwaka wa mvua na ukavu. Tunapanda mahindi mvua za masika zianzapo, tunavuna kuelekea mwisho wa mwaka, kisha jua hukausha mashamba mpaka mvua irudi. Mwaka wa Nanjing hugawanyika mara nne, na kila sehemu ina harufu yake na rangi yake. Majira niliyoyakuta yananukia maua madogo ya manjano ya mti uitwao gui, ambayo harufu yake huingia hata katika vyumba vya kulala. Baadaye majani ya miti ya mlima Qixia hugeuka mekundu kama moto, na watu hutoka mjini kwa makundi kwenda kuyatazama.

Katika siku hizo niliutembea ukuta wa mji. Ulianza kujengwa mwaka 1366, nao ulikuwa na urefu wa kilomita 35 hivi. Zingali zimesimama kama kilomita 25. Mtu aweza kutembea juu yake saa nzima, mji wa kisasa ukiwa upande mmoja na ziwa upande wa pili. Lakini kilichonisimamisha hakikuwa urefu wake, bali matofali. Tofali moja moja lina maandishi yaliyopigwa ubavuni. Yanataja wilaya lilikotoka, maofisa waliosimamia kazi, na hata jina la fundi aliyelifinyanga na kulichoma. Tofali likionekana bovu, mkaguzi alijua wa kumwuliza.

Wafalme waliweka majina hayo ili wapate kuadhibu. Wakati umeyageuza kuwa heshima. Fundi maskini wa kijijini aliyekufa zaidi ya miaka 600 iliyopita angali anasomwa jina lake na wapitao njia. Nilisimama pale nikakumbuka ngome za udongo za Wabukusu, zile tuziitazo chingoba, ambazo babu zetu walizizungushia kuta na mahandaki ili kujilinda wao na ng’ombe wao. Mwaka 1883 msafiri Mskoti, Joseph Thomson, alipopita magharibi mwa Kenya, aliona vijiji vyenye kuta za namna hiyo. Katika kuta zetu hakuna jina la fundi hata mmoja. Udongo wetu haukuandikwa, nao mvua ikauteremsha.

Baridi ilikuja mwezi wa Desemba. Tarehe 13 ya mwezi huo ving’ora vililia mjini kote, magari yakasimama barabarani, na watu wakainamisha vichwa. Siku hiyo mwaka 1937 jeshi la Japani liliuteka mji wa Nanjing, na kwa muda wa majuma kadhaa likawaua raia na mateka wasio na silaha. Serikali ya China husema waliouawa walikuwa 300,000. Wako wataalamu wa nchi nyingine wanaotaja idadi nyingine, lakini kwamba yalikuwa mauaji makubwa na ya kikatili, hakuna mwanahistoria wa kweli anayelikana jambo hilo. Jumba la ukumbusho lilifunguliwa mwaka 1985, na tangu mwaka 2014 siku hiyo imewekwa kuwa ya kumbukumbu ya taifa zima.

Nilitoka katika jumba lile nikiwa sina neno. Niliwaza juu ya Chetambe, kilima kilicho karibu na Webuye, ambako mwaka 1895 Wabukusu waliojificha ndani ya ngome yao walishambuliwa na jeshi lililoongozwa na Waingereza, lenye bunduki za Maxim. Wazee wanazo habari zake. Lakini hakuna king’ora kinacholia kwa ajili ya Chetambe, na wanafunzi wengi hupita chini ya kilima kile ndani ya matatu bila kuinua macho. Sisemi tulie kila mwaka. Nasema kwamba watu wa Nanjing wameamua mahali pa kuweka huzuni yao, ili isipotee na isigeuke kuwa uvumi.

Katika baridi ile ile nilikwenda kuona mahali palipokuwa na viunda vya merikebu. Leo pamekuwa bustani ya makumbusho, na madimbwi marefu yaliyobaki yanaonyesha mahali merikebu zilipojengwa na kushushwa majini. Mwaka 1957 wafanyakazi walichimbua hapo mti wa usukani wenye urefu wa meta 11 hivi. Jaribu kuupima mti huo katika kiwanja cha shule yako. Ukiisha kuupima, jiulize merikebu iliyohitaji usukani wa namna hiyo ilikuwa na ukubwa gani.

Mkuu wa merikebu hizo alikuwa Zheng He. Alizaliwa mwaka 1371 katika jimbo la Yunnan, katika jamaa ya Kiislamu. Akiwa mtoto alitekwa vitani na majeshi ya Ming, akahasiwa, akapelekwa kuwa mtumishi wa mwana wa mfalme. Mwana huyo ndiye aliyekuja kutawala kwa jina la enzi la Yongle, naye alimwinua mtumishi wake hata akawa amiri wa bahari. Kati ya mwaka 1405 na 1433 Zheng He aliongoza safari saba. Katika safari ya kwanza, kwa mujibu wa historia ya ukoo wa Ming, walikuwamo watu 27,800 na merikebu kubwa 62. Linganisha na Vasco da Gama, aliyeondoka Ureno mwaka 1497 na vyombo vinne na watu kama 170, kisha akafika Malindi mwaka 1498. Katika vitabu vyetu vya shule da Gama hupewa kurasa nyingi, na Zheng He mistari michache.

Nilikuwa nimejifunika koti zito, upepo ukivuma kutoka kaskazini, nilipofahamu jambo ambalo nilikuwa nikilifundisha bila kulielewa. Pepo za msimu! Upepo ule wa baridi uliokuwa ukinikata masikio ni ndugu wa kaskazi, unaovuma katika pwani yetu kuanzia mwisho wa mwaka na kuleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Merikebu za Zheng He zilitegemea upepo huo kwenda kusini na magharibi. Safari ya saba iliondoka Nanjing mwezi wa Januari mwaka 1431, wakati wa baridi. Kisha waliokuwa pwani yetu hungoja kusi igeuze upepo, ndipo warudi. Safari hiyo ya saba ilirejea katika mji mkuu mwezi wa Julai mwaka 1433. Basi majira ya Nanjing na majira ya Malindi si mambo mawili yasiyojuana. Upepo ulikuwa barabara, na barabara ile ilikuwa na zamu ya kwenda na zamu ya kurudi.

Nje ya mji, katika kilima kiitwacho Niushou, liko kaburi la ukumbusho la Zheng He, lililotengenezwa upya mwaka 1985. Ngazi zake ni 28, zimegawanywa katika mafungu manne ya saba saba, kwa kukumbuka safari zake saba. Juu ya jiwe lake pameandikwa kwa Kiarabu. Mtu wa Lamu angelisoma jiwe hilo bila mkalimani.

Hapo ndipo nilipoanza kupata jibu la swali la mwanafunzi wangu. Mwaka 1414 mfalme wa Bengali alimpelekea mfalme wa China twiga, na mchoro wake ungalipo mpaka leo katika nakala zilizohifadhiwa. Wachina walistaajabu sana. Katika hadithi zao yuko mnyama mtakatifu aitwaye qilin, ambaye huonekana tu mfalme mwema anapotawala. Wengine wakasema, huyu ndiye. Inadhaniwa pia ya kwamba jina la twiga kwa Kisomali, ambalo ni geri, liliwasikika kama jina la mnyama wao. Mwaka uliofuata, yaani 1415, wajumbe wa Malindi walifika wenyewe China wakiwa na twiga. Safari ya tano, ya mwaka 1417 hadi 1419, ndiyo iliyowarudisha wajumbe wa nchi mbalimbali makwao, na merikebu zikafika Mogadishu, Barawa na Malindi.

Mwandishi wa ikulu aliandika ya kwamba Malindi ilileta kodi ya utii. Twapaswa kusoma neno hilo kwa uangalifu. Katika desturi ya ikulu ile, zawadi ya kila mgeni iliitwa kodi, hata kama mgeni alitoka mbali kiasi ambacho hakuna askari wa China angeweza kumfikia na kumtawala. Watu wa Malindi hawakutuachia kitabu cha upande wao. Lakini mtu ampandishaye twiga merikebuni, akamlisha na kumnywesha baharini miezi mingi, hafanyi hivyo kwa ajili ya utumwa. Wafanya biashara hutafuta mlango, na zawadi nzuri hufungua mlango. Hivyo ndivyo nionavyo mimi, nawe msomaji una ruhusa ya kuona vingine, ila uonyeshe sababu.

Wala hao wa Malindi hawakuwa wa kwanza. Vitabu vya ukoo wa Song vinawataja wajumbe waliofika China mwaka 1071, na tena mwaka 1083, kutoka nchi iliyoitwa Zengtan, ambayo wataalamu wengi hufikiri ilikuwa katika pwani ya Wazanji, yaani pwani yetu. Katika karne ya 14, Ibn Battuta alikutana huko Bara Hindi na mwanachuoni aitwaye Said, mtu wa Mogadishu, ambaye alikuwa amesoma Makka na Madina na kusafiri mpaka China. Kwa hiyo mtu asikwambie ya kwamba Waafrika wa zamani walikaa tu ufukoni wakingoja kuvumbuliwa.

Mwishoni mwa Februari mti wa plamu huchanua maua kabla haujatoa majani, huku baridi ingalipo. Wenyeji hupanda katika kilima cha maua hayo, chini ya mlima wa Zambarau, wazee kwa watoto. Wachina huupenda mti huo kwa sababu hauogopi kuchanua wakati miti mingine imejificha.

Katika majira hayo nilitembelea makumbusho ya mitihani, kando ya mto mdogo wa Qinhuai. Zamani hapo palikuwa na vijumba zaidi ya 20,000 vya kufanyia mtihani wa serikali. Kila kijumba kilikuwa na upana wa meta moja hivi, na mbao mbili. Mchana ubao mmoja ni meza na mwingine ni kiti, na usiku mbao zote mbili ni kitanda. Mtahiniwa alifungiwa humo katika vipindi vitatu vya siku tatu tatu. Waliofaulu walikuwa wachache, na wako waliorudi kujaribu mpaka nywele zikawa nyeupe. Mtihani huo ulifutwa mwaka 1905.

Nilikaa katika kijumba kimoja nikawakumbuka wanafunzi wa kidato cha nne. Mtihani ule uliwapa watoto wa wakulima njia ya kuwa maofisa, na jambo hilo lilikuwa jema. Lakini kwa karne nyingi uliwapima watu kwa kukariri vitabu vile vile vya zamani, na dunia ilipobadilika ukawakuta hawana majibu. Elimu iliyo jibu la mtihani tu huzeeka siku ile mtihani unapokwisha.

Mwezi wa Juni mvua ndefu ya plamu ilinyesha, nguo hazikukauka, na kuta zikaota ukungu. Baada yake joto likaja kwa nguvu. Nanjing huhesabiwa kuwa mojawapo ya “matanuri matatu” ya mto Yangtze, pamoja na Wuhan na Chongqing, na mtu aliyekulia karibu na baridi ya Mlima Elgon hawezi kubisha. Nilikimbilia jumba kuu la makumbusho la mji, ambalo lilianzishwa mwaka 1933. Ndani yake uko mlango wa vigae vya rangi uliotoka katika mnara maarufu wa kauri. Mnara huo uliamriwa na mfalme Yongle, ukabomolewa mwaka 1856 katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mnara umekwenda, lakini vipande vilivyookotwa vinasema ulivyokuwa.

Katika vyumba vya kauri niliona bakuli nyeupe zenye nakshi za buluu, nikatambua ya kwamba nimekwisha kuziona. Niliziona Gede, karibu na Watamu, zilipochimbuliwa magofuni. Katika Mambrui liko kaburi la nguzo ambalo watu wa zamani walilipamba kwa bakuli za China zilizopachikwa katika chokaa. Mwaka 2010 wachimbaji wa Kenya na China walipata Mambrui sarafu ya enzi ya Yongle, ya shaba, ya mviringo, yenye tundu la mraba katikati. Mwaka 2013 nyingine ilipatikana katika kisiwa cha Manda, katika uchimbaji ulioongozwa na Profesa Chapurukha Kusimba. Msomaji wa Bungoma hataliona jina hilo kuwa geni.

Lakini hapa mwanahistoria hana budi kuwa mwangalifu. Sarafu yaweza kupita mikono mia. Haithibitishi peke yake ya kwamba Mchina alishuka mahali ilipookotwa. Vivyo hivyo, katika kisiwa cha Pate wako watu wasimuliao ya kwamba mabaharia wa China waliovunjikiwa na merikebu walioa huko, na wengine husema jina la Shanga latokana na Shanghai. Masimulizi hayo ni mazuri, na yafaa yahifadhiwe. Ila wachimbaji wameonyesha ya kwamba mji wa Shanga ulikaliwa tangu karne ya 8, miaka zaidi ya 600 kabla ya Zheng He. Mji haungoji miaka 600 ili upewe jina. Siku hizi China na Afrika zinafanya biashara kubwa, na habari za kale hupendwa sana katika hotuba. Ni kheri tuzipende, lakini tuzipime kwanza, la sivyo tutakuwa tumemwachia mgeni mwingine atuandikie historia yetu.

Nilirudi nyumbani mahindi yakiwa yamekomaa. Yule mwanafunzi alikuwa sasa katika kidato cha tatu. Nilimweleza juu ya twiga, na upepo, na majina ya Malindi, Mogadishu na Barawa yaliyoandikwa kwa Kichina. Nilimweleza pia juu ya msichana mmoja wa kisiwa cha Pate, ambaye mwaka 2005 alipata nafasi ya kwenda Nanjing kusomea uganga wa Kichina, karibu miaka 600 baada ya wajumbe wa Malindi.

Alisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, “Hayo ni ya pwani, mwalimu. Ya hapa kwetu je?”

Lilikuwa swali la haki. Juma lililofuata niliwapeleka wanafunzi Kitale, katika makumbusho yaliyotokana na vitu alivyokusanya mlowezi mmoja Mwingereza, Luteni Kanali Hugh Stoneham, tangu mwaka 1926, na ambayo yalifunguliwa mwaka 1974 kuwa makumbusho ya taifa ya kwanza nje ya Nairobi na pwani. Waliona nyumba zilizojengwa kwa desturi za makabila ya magharibi, na vyombo ambavyo bibi zao wangali wakivitumia. Wengine walicheka. Yule aliyeniuliza swali hakucheka. Alitoa daftari akaanza kuandika.

Wachina walihesabu miaka kwa jina la enzi ya mfalme, na Yongle ni jina la namna hiyo. Wabukusu huhesabu kwa majina ya rika, kama Kolongolo, Maina na Chuma, nayo hurudi kwa mzunguko. Mzee aitajapo rika la baba yake anakupa tarehe, nawe ukijua kumsikiliza unaweza kufika nyuma miaka mingi. Tofauti ni kwamba wao waliandika juu ya tofali, na sisi tuliandika katika vichwa vya wazee, na mzee hadumu kama tofali.

Kwa hiyo, mwanafunzi, ukiniuliza kama kuna chochote chetu katika mji wa Nanjing, nitakujibu kwamba kipo, si kikubwa, nacho ni cha kweli. Lakini ukiniuliza kama kuna chochote chetu Mabanga, jibu li mikononi mwako. Nenda kwa babu yako jioni ya leo. Mwulize ukuta wa chingoba ulipita wapi, na ni nani aliyeujenga. Akikutajia jina, liandike.